Sura ya Saba: Kiti cha Mwenye Filamu

Inspekta hakuwa mtu wa filamu. Aliwahi kupelekwa sinema mara moja tu, akiwa msichana, akasinzia kabla hata mtu wa kwanza hajauawa, na aliyemlipia tiketi hakumtafuta tena. Kwa hiyo mchana ule alipofika kwenye ukumbi wa marehemu Mzee Projekta na kuwakuta wanachama wanne wanabishana juu ya wauaji wa kwenye skrini, aliegemea fremu ya mlango akawasikiliza kwanza.

"Kwangu mimi hakuna inayoifikia ile ya mwendesha lifti," alikuwa akisema Dokta, daktari wa meno mwenye sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Jengo zima linamwaga siri zake mbele yake, kana kwamba yeye ni kitasa cha mlango. Halafu siku moja lifti inakwama, wako wawili tu, yeye na muuaji. Wee! Nywele zilinisimama."

"Nzuri, lakini wameitia chumvi," alijibu Mwalimu, mama mstaafu ambaye hata akiongea na watu watatu husema kama yuko mbele ya darasa zima. "Mimi nipe ile ya kipofu anayetengeneza piano. Anamtambua muuaji kwa mlio wa kiatu. Na ukungu ule barabarani! Siku hizi nani anajua kupiga picha ukungu?"

"Hollywood ya zamani walijua kazi," alisema mwanamume mrefu aliyekaa mwisho wa safu. Kila mtu alimwita Kofia, kwa sababu ya kofia ya ukingo mpana aliyoivaa jua likiwaka au mvua ikinyesha. "Walijua kwamba giza halitokei lenyewe. Giza linapangwa."

Mama Cherehani, fundi wa nguo aliyekuwa wa nne wao, alikuwa ameshika tama, macho kwenye skrini tupu.

"Mmemaliza?" Inspekta aliuliza.

Wote waligeuka mlangoni. Dokta alijifuta paji la uso, akaonekana ameona haya. Mzee Projekta alikuwa hajamaliza hata wiki kaburini, na wao walikuwa wamekaa palepale alipouawa wakihesabiana nywele zilizosimama. Inspekta hakuwalaumu sana. Katika kazi yake ameona watu wakicheka msibani, na wengi wao ndio walioumia kuliko wote.

Alivuta kiti akakaa. Mwana wa marehemu, fundi wa pikipiki mwenye gereji nyuma ya ukumbi, alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angesomewa shtaka la kumuua baba yake. Mkuu wa kituo aliiona kesi imeiva. Baba alipigwa kichwani kwa spana ndani ya chumba cha projekta, Jumamosi mchana, filamu ikiendelea. Spana ni ya mwana. Majirani wote walishawasikia wakigombana kwa miezi mingi, mwana akitaka ukumbi ubomolewe apate nafasi ya gereji kubwa, baba akiapa utabomolewa yeye akiwa amekufa. Watu wanne waliokuwa ndani walikuwa na shahidi kwamba hakuna aliyeinuka. Nani amebaki?

Mwana mwenyewe alisema kwamba walishapatana. Alisema spana aliiacha kwenye ngazi asubuhi ile, baada ya kumkazia baba yake boliti za meza ya projekta. Mama yake naye alisema hivyo hivyo, na Mkuu alicheka. Mama gani hatasema hivyo?

Mama huyo alikuwa nje uani sasa hivi, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kila siku alikuja kituoni na kila siku alisema neno lile lile: "Nimezika mume. Msinizikishe na mtoto." Inspekta alikuwa amelisikia mpaka likaanza kumfuata nyumbani kwake.

"Nataka kuelewa kitu kimoja," alisema. "Mama Cherehani, wewe ndiye uliyesema hakuna aliyetoka. Ulikuwa unaangalia filamu, uliwaonaje?"

"Sikuwa naangalia filamu," alijibu Mama Cherehani. "Ilikuwa zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

Walitazamana, kwa namna ya watu ambao hawajawahi kulazimika kueleza jambo lao kwa mgeni. Mwalimu ndiye aliyejitolea.

"Kila mwezi mmoja wetu analeta filamu anayoipenda kuliko zote, ambayo wengine hawajaiona. Mwenye filamu anakaa kwenye kiti kile pale mbele, mgongo kwa skrini, uso kwetu. Yeye ameshaiona. Raha yake ni kutuona sisi tukiiona mara ya kwanza."

"Na mtu akiwa ameshaiona?"

"Anasema mapema, anakaa nje mpaka iishe," alisema Dokta. "Hiyo ndiyo sheria yetu, na haina msamaha. Mimi mwenyewe nimeshakaa nje mara mbili na mvua inanyesha."

"Uso wa mtu anayejua kinachokuja haunifai kitu," alisema Mama Cherehani. "Na filamu yangu hakuna aliyewahi kuiona. Aliniachia marehemu baba yangu, ilikuwa chini ya kitanda chake. Sijaona nakala nyingine popote."

"Mikanda yenyewe iko wapi sasa?" Inspekta aliuliza, kana kwamba hajui.

"Si mnayo nyinyi polisi."

Kweli walikuwa nayo. Konstebo aliingia wakati huo huo amebeba mkebe mmoja wa bati chini ya kwapa. Ni mkanda wa kwanza tu. Wa pili ulibaki kabatini kituoni, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Inspekta. Siku ile ya kifo mkanda wa pili haukuwekwa kabisa. Wa kwanza ulikwisha, skrini ikawa nyeupe, wakangoja Mzee abadilishe. Wakapiga makofi ya utani. Wakamwita. Dokta ndiye aliyepanda kumwangalia.

"Leo tutauona tena huo wa kwanza," alisema Inspekta. "Kila mtu akae alipokaa. Mama Cherehani, nimeambiwa unajua kuiendesha mashine. Panda juu, mimi nitakaa kwenye kiti chako."

Mwalimu alikaa katikati, Dokta kulia kwake, Kofia mwisho kabisa kulia, karibu na pazia zito linaloficha ngazi za kwendea chumba cha projekta. Alikaa pale siku zote, alisema, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Konstebo aliongezewa kiti nyuma ya Kofia. Madirisha yalifungwa, mapazia meusi yakavutwa, na mchana wa nje ukabaki mstari mwembamba chini ya mlango.

Mashine ilianza kuunguruma juu. Inspekta, mgongo kwa skrini, aliona mwanga ukiwaangukia usoni.

Aliwaona vizuri, hilo hakutegemea. Mwanga wa filamu uliyapaka mashavu yao weupe, ukacheza machoni mwao. Alisikia nyuma yake mlio wa viatu, sauti ya mwanamke, kiberiti. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutafuna mdomo wa chini. Dokta alifungua peremende taratibu kama mwizi. Kofia alikaa kimya, mikono juu ya magoti, kofia yake imewekwa chini ya kiti kwa adabu. Hakuna ambaye angeweza hata kujikuna bila yeye kuona, na kwa muda Inspekta alifikiri kwamba Mkuu wake alikuwa sahihi na kwamba yeye anapoteza mchana wa watu.

Halafu ukumbi ukazimika.

Mashine haikuharibika. Ilizidi kuunguruma, na nyuma yake kwenye skrini mtu alikuwa akihema. Lakini hapakuwa na nuru hata chembe. Halafu ikaja treni ya mizigo. Ilianzia mbali, ikakaribia, ikajaza ukumbi wote mpaka kiti chake kikatetemeka, behewa baada ya behewa, na bado giza. Inspekta aliyatoa macho akaambulia weusi mtupu. Treni iliendelea kupita kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai ya moto bila haraka. Mwishowe kiberiti kilipigwa kwenye skrini, na nyuso zikarudi. Mwalimu, Dokta, Kofia, Konstebo. Kila mmoja kwenye kiti chake.

"Simamisha!" Inspekta aliita. "Washa taa."

Mama Cherehani alishuka ngazi mbio, mkono kifuani. "Huyu kijana wako ana wazimu? Nimeshikwa bega kule juu, nusura nizimie!"

Konstebo alikohoa. "Nilitumwa, mama. Jana nilitazamishwa mkanda huu kituoni, nikahesabu muda wa treni. Samahani sana."

"Alipanda, akakugusa, akashuka, akakaa," alisema Inspekta. "Nilikuwa nimemkodolea macho, na sikuona kitu. Zile ngazi za mbao zinalia, lakini treni imezimeza. Mama Cherehani, kwenye maelezo yako umesema uliwaona wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

Mama Cherehani alikitazama kiti chake cha mbele. Alikaa kwenye kiti cha karibu. "Ni stoo ile ya kwenye filamu," alisema polepole. "Anamvizia adui yake stoo, karibu na reli. Nalijua lile giza kama nyumba yangu. Hata sikulihesabu kuwa ni giza. Niliwaona kabla, nikawaona baada..." Machozi yalimtoka. "Mungu wangu. Na yule kijana amelala rumande kwa neno langu."

"Kwa hiyo yeyote kati yetu," alisema Mwalimu, na sauti yake ya darasani ilikuwa imemtoka.

"Si yeyote. Huwezi kuinuka gizani kama hujui litakaa muda gani. Kiberiti kingepigwa ukiwa katikati ya ngazi. Aliyetoka alijua giza linakuja, alijua treni inakuja, na alijua ana nafasi ya kwenda na kurudi. Ameshaiona filamu hii. Nani ameiona?"

"Hakuna," walisema, karibu kwa pamoja.

Inspekta aliinua mabega. Alijifanya amechoka, na hakuhitaji kujitahidi sana. "Basi niliwaza vibaya. Haya, nitampeleka kijana mahakamani kesho kama ilivyopangwa. Ila niwaambie ukweli, nimehangaika bure. Jana niliutazama ule mkanda wa pili kituoni, peke yangu, na hiyo filamu ni ya hovyo."

"Usituambie mwisho!" Mwalimu alipiga kelele, akaziba masikio. Mtu ameuawa, kijana yuko hatarini kunyongwa, na mama huyu mtu mzima ameziba masikio yake kwa viganja viwili. Dokta naye alianza kuimba chini chini ili asisikie.

"Eti yule mwanamke wa tajiri," Inspekta aliendelea kwa sauti zaidi, "baada ya mbwembwe zote zile, anakutwa kwenye jukwaa la treni, wanataka kumkamata. Mimi nikangoja, nikajua sasa kutakuwa na jambo. Hakuna! Anacheka. Anacheka kama chizi, basi, mwisho. Ndiyo filamu ya kumfanya mtu aiweke chini ya kitanda?"

"Hacheki," alisema Kofia.

Alisema kwa hasira, jinsi mtu anavyomtetea ndugu anayesengenywa mbele yake. "Hacheki hata kidogo. Anavua glavu. Ya kulia tu, taratibu, anawapa mkono wamfunge. Filamu nzima iko kwenye glavu ile, wewe mama umetazama nini?"

Dokta aliacha kuimba. Mwalimu aliteremsha mikono yake, akamtazama Mama Cherehani, na Mama Cherehani akamtazama Kofia.

"Ni glavu," alisema Mama Cherehani kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana naipenda. Sijawahi kumwambia mtu. Wewe umejuaje?"

Uso wa Kofia ulimshuka. Alitazama mlangoni, akamwona Konstebo ameshasimama pale. Akajaribu kutabasamu.

"Sawa. Nimevunja sheria ya chama. Niliiona chini kwa chini, nikaona aibu kusema. Kuvunja sheria ya chama si kuua mtu, Inspekta."

"Kweli kabisa. Nani alikuonyesha?"

"Mzee. Mama Cherehani alimletea mikanda aikague kama haijakatika kabla ya siku yenyewe. Tuliitazama pamoja."

"Lini?"

Kofia aligeukia pazia la ngazi.

"Mama Cherehani, ulimletea lini?"

"Alhamisi jioni. Nilimkabidhi mwenyewe mkononi."

"Basi ni Ijumaa." Inspekta alitoa karatasi za maelezo lakini hakuzifungua. "Uliniambia wiki ile nzima ulikuwa na homa, hujatoka kitandani mpaka Jumamosi. Uliniambia hukumwona Mzee mpaka ulipoingia hapa na wenzako. Kwa nini unifiche Ijumaa? Mtu aliyetazama filamu na shemeji yake ana nini cha kuficha?"

Maana Kofia alikuwa shemeji wa marehemu. Yule mjane aliyekaa kwenye ndoo uani alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea toka akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Mimi nilimpa Kofia peremende," alisema Dokta ghafla. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta jino lililooza. "Siku ile. Treni ikipita. Huwa nampa moja kila tukikaa. Nilinyoosha mkono gizani, hakupokea. Nikapapasa, kiti kilikuwa kitupu. Nikadhani ameinama kuokota kofia yake. Nikaila mwenyewe."

"Na hukusema?" Mwalimu aliuliza.

"Niseme nini? Ni peremende!"

Inspekta hakumwangalia Dokta. "Ijumaa Mzee alikuambia nini?"

Kofia alikaa chini. Aliokota kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akawa anaizungusha ukingo. Alipoanza kusema hakusema na Inspekta, alisema na wenzake.

"Aliniambia hiyo ni ya mwisho. Amepatana na mwanawe. Ukumbi unavunjwa mwezi ujao, projekta atampa mtu anayetaka kuiweka pambo hotelini. Alikuwa na furaha! Anasema amechoka kugombana na damu yake. Nikamwambia, shemeji, na sisi je? Akanipiga bega, akasema tutatazama kwenye televisheni nyumbani kwake." Aliibana kofia magotini. "Mke wangu alipokufa, nilikuwa nahesabu wiki mpaka siku ya kuja hapa. Nje ya hapa mimi sina kitu. Sina hata mtu wa kugombana naye."

"Kwa hiyo ulijua," alisema Inspekta. "Ulijua baba na mwana wameshapatana. Ulikuwa mtu pekee, mbali na mama yake, uliyejua kijana anasema kweli."

"Spana ilikuwa kwenye ngazi. Nilipanda kwenda kumsihi mara ya mwisho..."

"Gizani? Kimya kimya? Ulipanga giza lako, Kofia. Si wewe uliyesema hivyo nilipokuwa pale mlangoni?"

Kofia aliendelea kuizungusha kofia yake.

"Na spana ukaiacha pale pale. Ya mpwa wako."

"Sikuwaza kama wangemkamata yeye."

"Walimkamata siku ile ile. Ulikuwa na siku zote hizi za kuwaza."

Mama Cherehani aliinuka akaenda kusimama ukutani, mbali naye. Mwalimu alikuwa analia bila kujificha. Dokta, bila kujua anafanya nini, alitoa mfuko wa peremende akaurudisha mfukoni. Inspekta alitoa pingu. Alikuwa ameshinda, na alijisikia vibaya kuliko asubuhi. Alijua nani amekaa nje.

Walipofungua mlango, jua la mchana liliwapiga machoni. Mjane aliinuka kwenye ndoo yake. Alimwona Inspekta, akamwona Konstebo, kisha akamwona mdogo wake, na akaona kilichokuwa mikononi mwake. Inspekta alikuwa ametafuta maneno tangu ndani, na hakuyapata.

"Mwanangu?" mjane aliuliza.

"Anarudi leo, mama. Nitamleta mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei sokoni na kuikubali. Halafu akamsogelea Kofia, karibu kabisa, ikambidi ainue uso kumtazama.

"Dada," alisema Kofia.

"Kule makaburini," mjane alisema, "wakati wanamshusha. Nilitaka kuanguka, ukanishika mkono. Hukuniachia mpaka nyumbani."

"Dada, nisikilize..."

"Ulinishika kwa mkono upi?"

Kofia alitazama mikono yake iliyofungwa pamoja. Mjane alingoja, na alionekana yuko tayari kungoja mpaka giza liingie. Mwishowe kidole kimoja cha mkono wa kulia kikainuka kidogo.

Mjane alitazama kiganja chake mwenyewe. Alikwenda kwenye bomba la pembeni mwa ua, akalifungua mpaka mwisho, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia kilichokuwa juu ya saruji, akaanza kuosha mkono ule. Alisugua kiganja, akasugua kati ya vidole, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akaanza upya. Konstebo alimvuta Kofia kuelekea garini, lakini Inspekta alimwashiria asubiri, kwa sababu njia ya kutokea ilipita pale bombani na mjane alikuwa bado hajamaliza.